Dangdut, kigodoro na nauli ya kurudi nyumbani

Toleo lililopita niligusia mistari minne tu, kwamba kwenye sendofu moja pale Kisasa, hapa Dodoma, dijei alipiga wimbo kina mama wote wakanyanyuka na vitenge vyao kuserebuka wakijua ni taarab mpya ya Zanzibar, kumbe ni dangdut ya Indonesia. Basi simu haijapumzika tangu siku hiyo. Wengine mmeniuliza ni mziki gani huo, wengine mmenigombeza kwa nini natangaza mambo ya usiku, na kuna binti mmoja barua yake imenikosesha usingizi. Nimechagua sita. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Shangazi shikamoo. Mi ni dereva bajaji, ruti yangu Nkuhungu mjini. Kuna kijana wa Sabasaba ananijazia nyimbo kwenye fleshi, sasa humo kuna nyimbo ngoma zake kama za filamu za Kihindi, filimbi ya Kihindi, afu uimbaji kama taarab, ila lugha siielewi. Cha ajabu kuna maneno nayasikia kabisa, dunia, sabar. Abiria wananiuliza nakosa jibu. Hawa ni Wahindi, Waarabu au ndugu zetu wa Pemba?
*Dereva, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu, pole na vumbi. Hiyo ndo dangdut yenyewe, na jina lake ni mlio wa ngoma tu. Kuna ngoma mbili ndogo zinakaa pamoja, wanaziita gendang au ketipung, sasa ile yenye sauti nene ukiigonga huku unasukuma kiganja juu ya ngozi sauti inapinda, hiyo ndo "dut". Siku umesimama unasubiri abiria hebu hesabu mapigo manne manne, utakuta "dang" inaangukia la nne na "dut" inaangukia la kwanza la mzunguko unaofuata, yaani mziki unamaliza na kuanza kwa pumzi moja, ndo maana abiria wako wanatikisa vichwa hata kama hawajui wanatikisia nini.

Umeuliza Wahindi, Waarabu au Wapemba. Wahindi na Waarabu wote wamepita humo. Indonesia walikuwa na bendi zao zinaitwa orkes Melayu, orkestra za Kimalay, na filamu za Kihindi zilipojaa kwenye majumba ya sinema kule miaka ya hamsini na sitini wanamuziki wakaanza kuchukua zile melodia na mlio wa tabla. Mwimbaji Ellya Khadam alipata jina kwa wimbo unaoitwa Boneka dari India, yaani mwanasesere kutoka India, ona hata jina halifichi. Na sisi taarab yetu si ilifanya hivyo hivyo, ni tuni ngapi za sinema za Kihindi zimetiwa maneno ya Kiswahili Unguja na Tanga tukazicheza bila kuuliza zimetoka wapi.

Upande wa Uarabuni ndo mimi unaonifurahisha zaidi. Watu wa Hadhramaut, hawa tunaowaita Washihiri, walipanda majahazi kwa karne nyingi, wengine wakashuka Lamu na Unguja, wengine wakaenda mpaka Java na Sumatra. Wenzetu wana ala ya nyuzi wanaiita gambus, na Kiswahili kina gambusi, ala ile ile neno lile lile! Kwa hiyo ukisikia dunia ni dunia kweli, sabar ni subira, kabar ni habari, waktu ni wakati, kertas ni karatasi. Maneno mengi ya namna hiyo sisi na wao tumeyachota kisima kimoja cha Kiarabu. Abiria akikuuliza mwambie ni binamu yake taarab, alishukia bandari nyingine.

Na umwambie na hili. Wakubwa wa Jakarta waliudharau sana huu mziki ulipoanza kushika miaka ya sabini, wakasema ni kampungan. Kampung ni kijiji au mtaa wa watu wa hali ya chini, yaani ni kama mtu wa hapa akunje pua aseme "mambo ya uswazi hayo". Hata jina dangdut lilikuwa la kuucheka, mziki gani huu wa dang na dut, wenye mziki wao wakalichukua hilo hilo jina wakaliimba jukwaani mpaka likawa la heshima. Sa hivi dangdut unapigwa Ikulu. Tarehe 17 Agosti 2022, siku yao ya uhuru, mtoto Farel Prayoga aliimba mbele ya Rais kwenye viwanja vya Ikulu Jakarta na mawaziri wakacheza.

Anti mambo, hivi koplo maana yake nini? Mdogo wangu kajiandika hivyo TikTok.
*Makole*

Poa mdogo wangu. Dangdut koplo ni ule wa kasi, ulitokea Java Mashariki miaka ya tisini, ngoma zimeongezwa mwendo na wapigaji wanapiga kelele za kuchombeza katikati ya wimbo. Ila neno lenyewe limetoka kwenye pil koplo, vidonge vya kulevya vya mtaani vya bei rahisi, maana waliosikia ile kasi walisema kichwa kinazunguka kama umemeza. Mwambie mdogo wako maana yake, atachagua mwenyewe.

Mwanangu, nimesoma safu yako na sikufurahi. Hapa Chang'ombe tunateseka na vigodoro, spika zinaanza saa mbili usiku mpaka adhana ya alfajiri, watoto wa shule hawalali, mabinti wanakata viuno barabarani. Sasa unatuletea na viuno vya Indonesia. Hiyo ni nchi ya Waislamu wengi mno, wanaruhusuje mambo haya? Huoni mnawaharibu vijana?
*Mzee wa Chang'ombe*

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma mara tatu na kuna sehemu nakubaliana na wewe kabisa nitaisema, ila naomba kwanza nikusimulie kuhusu mtu mmoja ambaye nahisi ungempenda.

Anaitwa Rhoma Irama, kazaliwa 1946 Tasikmalaya, Java Magharibi. Ndo wanamwita Raja, mfalme wa dangdut. Alianzisha bendi yake ya Soneta mwaka 1970, akachukua orkes Melayu akatia magitaa ya roki maana alikuwa anapenda sana bendi ya Deep Purple ya Uingereza, na alipotoka kuhiji akaamua mziki wake wote uwe wa mawaidha, akaiita bendi yake sauti ya Waislamu. Wimbo uliompa jina unaitwa Begadang, maana yake kukesha, na anachosema humo ni kwamba usikeshe bila sababu ya maana! Ana wimbo unaitwa Judi, unakemea kamari. Ana mwingine unaitwa Mirasantika, hilo neno limeunganishwa kutoka kwenye pombe kali na dawa za kulevya, naye anazikataa zote mbili. Yaani mzee wangu ungekaa naye barazani mngeelewana, na huyo ndiye aliyejaza viwanja vya mpira kwa mziki wa kucheza.

Na serikali ilimwogopa. Mwaka 1977 alipokipigia debe chama cha upinzani cha Waislamu, PPP, dhidi ya chama cha Rais Suharto, akafungiwa televisheni ya taifa miaka mingi, na wakati huo stesheni ilikuwa hiyo hiyo moja tu. Watu wakamfuata kwenye kaseti, kwenye filamu zake na viwanjani.

Baadaye akaja binti anaitwa Inul Daratista, kutoka Pasuruan kule kule Java Mashariki, ana namna yake ya kuzungusha kiuno wakaiita ngebor, yaani kutoboa kama kekee ya fundi seremala. Alianza kwenye harusi na sherehe za kutahiri huko vijijini, watu wakamrekodi, VCD za wizi zikazagaa nchi nzima kabla hata televisheni haijamjua. Mwaka 2003 ugomvi ukalipuka. Rhoma mwenyewe alimkemea hadharani, masheikh wengine wakamlaani, na wakati huo huo Abdurrahman Wahid, aliyewahi kuwa Rais wa nchi na kiongozi mkubwa wa masheikh wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Waislamu kule, akasimama upande wa Inul. Kwa hiyo usidhani wenzetu hawajalijadili hili, wamelijadili kuliko sisi, mpaka 2008 wakatunga sheria ya kupinga ponografia na bado hawajakubaliana kiuno kinaishia wapi.

Sasa kelele. Hapo uko sawa mzee wangu na sitatetea. Mtoto wa darasa la saba anatakiwa kulala na mgonjwa anatakiwa kulala. Kibali kinaombwa, na kina saa ya mwisho, na anayezidisha andikieni NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, maana kelele ni uchafuzi wa mazingira kisheria kama moshi tu. Nendeni ofisi ya mtaa kwa pamoja msiende mmoja mmoja.

Ila nikuulize na mimi kwa heshima zote: hao vijana wakacheze wapi? Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 mji umejaa, launji zimefunguliwa kila kona, nyingine soda tu elfu tatu, mlangoni wanakuangalia viatu. Kijana anayebeba zege Ihumwa au anayeuza mitumba Majengo haingii humo. Jakarta ni hivyo hivyo, klabu za maghorofani ni za wenye nazo, na vijana wa kampung wanacheza kwenye jukwaa la harusi limefungwa katikati ya uchochoro na turubai juu, mpigaji mmoja na kibodi moja, wanaiita organ tunggal. Mchiriku wetu ulizaliwa hivyo hivyo Dar es Salaam kwa kibodi ndogo ya Casio na spika za kuunga unga, na singeli ikatoka humo humo. Mji ukitengeneza ukumbi wa bei ya kijana wa zege, mwenye kuta na mlango na saa ya kufunga, mzee wangu utalala na yeye atacheza. Nalisema hili kila nikipata nafasi na nitaendelea kulisema.

Shangazi shikamoo. Niko mwaka wa pili UDOM. Ijumaa na Jumamosi naimba na bendi kwenye baa moja huku mjini, zilipendwa, taarab kidogo, bongo fleva. Naambiwa elfu ishirini kwa usiku. Watu wakinitunza hela inaingia kwenye beseni, mwisho naambiwa imeisha kwenye mafuta ya jenereta. Tunamaliza saa nane usiku kila mtu anajijua. Juzi baba mtu mzima kanitunza elfu hamsini mbele za watu, nilipotoka nikamkuta kwenye gari ananisubiri kama vile kanilipia. Nilirudi ndani nikajificha jikoni mpaka saa kumi. Mama yuko Manyoni hajui kama naimba. Nimekuwa naangalia wale madada wa dangdut, wanatunzwa hivyo hivyo, noti moja moja, wanatabasamu. Wao wanaishije na hili? Na mimi niache?
*Mwanafunzi*

Marahaba mwanangu, na Mungu akulinde. Barua yako ndo nimekaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Mi pia niliimba. Miaka ya tisini mwishoni, hapa hapa Dodoma, kwenye ukumbi ambao sitautaja, tulikuwa watu saba na mwenye ukumbi alikuwa kila tukimaliza anasema tutaonana Jumatatu. Hizo Jumatatu sikuziona. Nimewahi kutembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Chang'ombe saa tisa usiku viatu nimeshika mkononi, niko na gauni la kung'aa, na kila gari likipunguza mwendo moyo unasimama. Niliacha kuimba kwa sababu hiyo, sikuacha kwa sababu ya dini wala mume wala sauti kuisha. Kwa hiyo ninavyokujibu ujue nakujibu na hasira ya miaka hiyo.

Kule wanaita saweran. Mwimbaji, biduan kwa lugha yao, anaimba, mtu anapanda jukwaani au anasogea mbele na bunda la noti ndogo ndogo anampa moja moja huku anacheza naye. Ukiangalia bila sauti unaweza kusema ni harusi ya Tanga. Wenye bendi makini wanapanga kabla ya shoo hela ya sawer inagawanywaje kati ya mwimbaji na wapigaji, na kuna wanaodhulumu kama huku huku. Hela ya kutunza ni pongezi ya wimbo. Ikishatoka mkononi mwa mtu imeshamaliza kazi yake, hainunui mazungumzo, hainunui namba ya simu, hainunui lifti. Huyo baba wa elfu hamsini hakudai chochote kwako, na wewe hudaiwi.

Umeuliza wanaishije. Nikupe wawili. Inul niliyemtaja kwa mzee hapo juu alitukanwa nchi nzima, alilia kwenye televisheni watu wakimwona, afu akaendelea kuimba na akafungua karaoke zake, Inul Vizta, matawi kibao, sasa yeye ndo mwenye mlango na yeye ndo anaamua nani anaingia. Wa pili ni Via Vallen, wa kizazi chenu, alianzia kule kule kwenye koplo ya Java Mashariki. Mwaka 2018 kuna mwanaume maarufu alimtumia ujumbe wa kumdhalilisha mtandaoni, akauweka ule ujumbe hadharani bila kutaja jina, akasema wazi kwamba kuimba jukwaani hakumfanyi yeye kuwa wa kuchezewa. Watu wakamshambulia, si unajua, oo anatafuta kiki, oo mbona anavaa hivi. Hakurudi nyuma. Agosti mwaka huo huo ndiye aliyeimba wimbo rasmi wa michezo ya Asia siku ya ufunguzi kwenye uwanja wa Gelora Bung Karno.

Kinachoniuma ni kwamba miaka yote hii, huku na kule, wanaopigia kelele mziki wa usiku wanajadili kiuno. Kiuno, kiuno, kiuno. Nguo imeishia wapi, mguu umeonekana kiasi gani. Sijawahi kusikia kikao hata kimoja kinauliza yule binti amelipwa? Amekula? Kafikaje nyumbani saa nane usiku? Huo ndo uchafu wenyewe na unafanyika taa zikiwa zimezimwa, baada ya watu wa maadili kwenda kulala.

Usiache kwa sababu ya yule baba. Kama utaacha iwe umechoka au masomo yamebana. Ila huko kuimba kubadilike kuanzia Ijumaa hii. Ongea na kiongozi wa bendi mchana, sio usiku wa shoo, mwambie elfu ishirini yako unaipokea kabla ya awamu ya mwisho, usipoipata hupandi. Beseni lihesabiwe mbele ya wote mezani, mafuta ya jenereta ni ya mwenye baa na mwenye baa anauza bia, wewe huuzi bia. Na bajaji ya kukurudisha iwe sehemu ya malipo, dereva mmoja unayemjua, namba yake anayo na mwenzako wa chumbani hosteli. Baba akikufuata tena usijifiche jikoni peke yako, nenda kwa meneja na mlinzi, sema kwa sauti watu wasikie. Akikugusa au akiendelea kukufuata, unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai nchi hii tangu marekebisho ya sheria ya 1998, na kituo kikubwa cha polisi kina dawati la jinsia. Nenda na mwanamke mwenzako.

Na mama. Sitakulazimisha. Nasema tu kwamba mimi wa kwangu alijua kutoka kwa jirani, na kilichomuumiza ni jirani kujua kwanza, uimbaji wenyewe alikuwa anaupenda.

Dereva wa Nkuhungu uliyeandika hapo juu, nimekupigia jana nikakuuliza kama unafanya kazi mpaka saa nane Ijumaa. Umesema unafanya. Nimempa huyu dada namba yako kama ulivyoniruhusu, na wewe sijakupa yake, atakutafuta mwenyewe akitaka.

Anko au Shangazi sijui ila salamu. Mi ni dijei, Nzuguni, napiga singeli kwenye vigodoro na birthdei. Nataka kuchanganya dangdut na singeli ila kila nikijaribu inakataa, mapigo yanagongana. Nifanyeje? Afu kuna mtu kaniambia eti Indonesia wana singeli yao, kweli?
*Dijei, Nzuguni*

Shangazi, mwanangu. Kweli wana kitu cha kasi hivyo, kinaitwa funkot, kifupi cha funky kota, Kota ni mji wa zamani wa Jakarta upande wa kaskazini wenye klabu nyingi. Hiyo inakwenda mapigo 160 mpaka 220 kwa dakika na mara nyingi juu yake wanatia sauti za dangdut, kwa hiyo unachotaka kufanya wenzako wameshakifanya, tafuta hizo rimiksi usikilize wanaunganishaje. Ila huko Kota pia ndo dawa za kulevya zilikoua vijana wengi, mwaka 2014 klabu kubwa kuliko zote pale ikafungwa na serikali ya jiji kwa ajili hiyo. Nakwambia hilo kwa sababu wewe ndo umeshika usukani usiku, ukiona vidonge vinapita kwenye kigodoro chako zima mziki, watakuzomea wataacha.

Mapigo yanagongana kwa sababu unajaribu kuikimbiza dangdut ifikie singeli, sauti inakuwa kama ya panya. Usiikimbize. Chukua dangdut ya zamani ya mapigo 110, weka chini yake singeli ya 220, hapo moja ni nusu kamili ya nyingine, kila pigo moja la dangdut singeli inakuwa imepiga mara mbili na zinakaa. Anza na filimbi peke yake, suling wanaiita, waache watu wasikie, lete gendang, afu ndo ushushe singeli. Zile kelele za kuchombeza za koplo, senggakan, kata vipande vifupi uviweke pale MC wako anapopumua. Kama utairekodi na kuiuza ni lazima ruhusa ya mwenye wimbo, waulize COSOTA, wale wa hakimiliki, utaratibu, kupiga kwenye sherehe na kuuza si kitu kimoja.

Ila sasa nikuombe kitu, na hapa naongea kama mtu wa Dodoma. Kulikuwa na mwimbaji anaitwa Didi Kempot, wa Solo, kafariki Mei 2020. Aliimba kwa Kijava, lugha ya nyumbani kwao, sio Kiindonesia cha redioni, mziki wake campursari unachanganya kengele za gamelan za asili na kibodi na mapigo ya dangdut, na nyimbo karibu zote ni za kuachwa. Kaachwa stesheni ya basi, kaachwa bandarini. Miaka mingi wakasema ni mziki wa wazazi. Afu ghafla mwaka kama mmoja tu kabla hajafa watoto wa vyuo wakamgundua, wakajiita sobat ambyar, marafiki waliovunjika vipande, wakajaza viwanja wanalia na kucheza kwa pamoja kwa Kijava.

Sasa wewe uko Nzuguni, umezungukwa na Wagogo. Muheme umewahi kuusikia kwa karibu? Wale kina mama na ngoma zao wamezibana mapajani, wanapiga na kucheza kwa wakati mmoja, kasi yake ukiipima utashangaa. Ilimba, ile marimba ya vidole, zeze, zile sauti za kupokezana, mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose alizitoa mkoa huu akazizungusha dunia nzima mpaka alipofariki 2003, na kigodoro cha Dodoma kinapiga biti zilizotengenezwa Mbagala na Tandale. Nenda Chamwino siku kuna ngoma, omba ruhusa, walipe kina mama, rekodi, halafu weka juu ya singeli yako. Hata ukiniletea dakika mbili tu nitazisikiliza na nitakwambia ukweli.

Shangazi za saa hizi. Mi sijui Kiindonesia wala sina sauti, ila nina harusi ya dada yangu Kondoa mwezi ujao na nataka kuwashangaza. Dangdut inachezwaje?
*Kaka wa bibi harusi*

Hongereni kwa harusi. Inaitwa joget na uzuri wake haihitaji ubingwa. Legeza magoti kidogo, usiyakunje. Viwiko vikae karibu na mbavu, mikono ielee mbele kama unashika sinia la chai usimwage, vidole gumba viangalie juu. Nyonga inahama kulia kushoto taratibu, usiitupe. Miguu hatua fupi fupi mbele na nyuma, uso utulie. Usianze na koplo utaishiwa pumzi wimbo haujafika katikati, anza na zile za taratibu za miaka ya sabini za Elvy Sukaesih, huyo ndo wanamwita malkia. Na pale ngoma inapopinda ile sauti yake nene, hapo ndo unashuka.